Bodi yetu imenakiliwa: je, kukwangua majina ya chipu na kumwaga epoksi kunatosha?

Swali: Sisi ni kampuni ndogo ya Morogoro. Tunatengeneza kidhibiti cha sola cha kulipia kidogo kidogo: mkulima analipa kwa simu, anapata tokeni, anaibonyeza, kisha taa na redio vinawaka kwa siku alizolipia. Bodi ni ya tabaka mbili, ubongo wake ni chipu ya ESP32, na tokeni zinakokotolewa kwa ufunguo mmoja wa siri ulioandikwa ndani ya programu. Tunaagiza bodi 500 kwa mkupuo kutoka kiwanda cha Shenzhen, ambacho pia kinatuwekea programu. Mwezi uliopita tumekuta Kariakoo bodi inayofanana na yetu hadi neno tulilokosea kuandika juu ya bodi. Wakati huohuo mafundi vijijini wanafungua maboksi yetu na kuwasha umeme bila malipo. Nimeshauriwa nikwangue majina ya chipu, nimwage epoksi (gundi inayoganda na kuwa ngumu) na nihamie bodi ya tabaka nne. Je, itatosha?

Jibu: Haitatosha, ndugu yangu, na sehemu ya ushauri huo itawaumiza wateja wako kuliko itakavyomuumiza aliyekunakili. Swali lako limebeba watu watatu tofauti. Yupo anayenakili bodi ili auze yake, yupo fundi anayeruka malipo kwenye bodi uliyouza wewe, na kipo kiwanda chenyewe, ambacho bado hujakitilia shaka. Kinachomzuia mmoja hakimgusi mwingine.

Kabla hujatumia hata shilingi, inunue hiyo bodi ya Kariakoo, na ukiweza nunua mbili kutoka maduka tofauti. Iwashe, soma namba yake ya usajili, ilinganishe na kumbukumbu zenu. Ikiwa namba inaendelea pale mlipoishia, yaani ninyi mliagiza hadi 500 na hii ni ya 563, basi kiwanda kilitengeneza za ziada na kuziuza kwa mlango wa nyuma. Ikiwa bodi zote mbili zina namba ileile, mtu alinunua bidhaa yenu moja, akaisoma programu kutoka kwenye chipu, akaimwaga kwenye bodi zake. Na ikiwa ndani mna programu nyingine kabisa, wamenakili shaba na vipuri tu, na hilo ndilo dogo kuliko yote. Kila ESP32 huchomwa anwani yake ya MAC, yaani namba yake ya pekee, tangu inapotengenezwa. Kama mlikuwa mnaziandika anwani hizo, zitakuambia pia iwapo chipu hiyo iliwahi kuwa kwenye bodi mliyoiagiza ninyi.

Sasa tuje kwenye ushauri uliopewa.

Kukwangua majina ya chipu kunamchelewesha mtu asiye na subira, basi. Fundi mzoefu huitambua chipu kwa idadi ya miguu yake, kwa mahali umeme unapoingilia, na kwa vipuri vilivyoizunguka. Kwa ESP32 hata kazi hiyo haihitajiki. Kifuniko chake cha bati na antena iliyochorwa pembeni vinajulikana kwa kila mwanafunzi wa DIT, na chipu yenyewe hujitambulisha: unganisha waya kwenye UART, mlango wake wa kuzungumza na kompyuta, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde, iwashe, nayo itatoa mistari inayoanza na "ets Jun 8 2016" au, kwa matoleo mapya, "ets Jul 29 2019". Jina ulilolikwangua juu linasomeka kwenye kompyuta.

Tabaka nne ni jambo jema, lakini kwa sababu nyingine: ardhi safi, kelele kidogo ya umeme, na nafasi ya kuzizamisha njia nyeti katikati. Siri hazifichi. Anayenakili huondoa vipuri kwa hewa ya moto, hupiga picha kila upande, kisha hukwangua tabaka moja baada ya jingine kwa msasa huku akiendelea kupiga picha. Kwa bodi ya tabaka mbili hata msasa hauhitajiki. Zipo kampuni zinazotangaza kazi hiyo hadharani, unawatumia bodi wanakurudishia faili za Gerber (michoro ya kutengenezea bodi) na orodha ya vipuri. Kwa hiyo uichukulie michoro yako ya shaba kama kitu kilichokwisha kujulikana, na usitumie pesa kuificha.

Kuhusu epoksi nina neno zaidi. Epoksi ya kawaida hufunga joto la mosfeti, swichi inayopitisha umeme wa mzigo, ndani ya boksi, na boksi lako linakaa kwenye nyumba ya bati kule Kilosa ambako mchana hewa yenyewe tayari ni ya moto. Epoksi hupanuka na kusinyaa kwa kiwango tofauti na bodi, na miezi ikipita huvuta viungio vya risasi hadi vinapasuka. Bodi ikifa kwa sababu ya kapasita ya bei ya chini kabisa, hakuna atakayeitengeneza. Inakuwa taka, na mkulima anabaki gizani akiwa bado ana deni. Aliyekusudia kunakili, yeye hununua bidhaa moja, huilainisha epoksi kwa joto na kemikali, na kama bodi ikiharibika ananunua ya pili. Mzigo wa epoksi wanaubeba wateja wote, ilhali mwizi anaubeba mara moja tu.

Jambo ambalo ningependa ulifikirie kuliko yote ni hili: mtu akifanikiwa kuivunja bodi moja, anapata nini? Ikiwa anapata bodi moja, uko salama kibiashara. Ikiwa anapata bodi zote ulizowahi kuuza, hakuna epoksi itakayokuokoa. Ninyi leo mko katika hali hiyo ya pili, kwa sababu ya ule ufunguo mmoja ndani ya programu. Ni kama nyumba ya wapangaji ambayo milango yote ina kitasa cha aina moja: mpangaji mmoja akiibiwa ufunguo, vyumba vyote vimeibiwa. Aliyeisoma programu yenu anaweza kukaa Kariakoo na kuuza tokeni za bodi zenu halali, bila kugusa bisibisi.

Tazama LUKU, umeme wa TANESCO wa kulipia kabla, inavyofanya. Mita zake hufuata kiwango cha STS, kilichozaliwa Afrika Kusini miaka ya 1990 na sasa kimeandikwa kama kiwango cha kimataifa IEC 62055-41. Kila mita ina ufunguo wake, unaokokotolewa kutoka namba ya mita pamoja na ufunguo mkuu, na ufunguo mkuu hukaa ndani ya kifaa maalumu cha usalama upande wa mauzo, hautoki humo. Zile tarakimu 20 unazobonyeza zimesimbwa, yaani zimefichwa kwa hesabu ya siri, kwa ajili ya mita hiyo moja. Mtu akiipasua mita ya jirani na kuusoma ufunguo wake, amepata ufunguo wa mita ya jirani. Mtaa mzima unaendelea kulipa.

STS ina funzo jingine ambalo wengi wamelipitia bila kujua. Muda wa tokeni huhesabiwa kwa dakika tangu 1 Januari 1993, katika nafasi ya biti 24. Biti 24 hubeba dakika 16,777,216, karibu miaka 32, na nafasi hiyo ilijaa tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule wateja wa TANESCO na wa Kenya Power walipewa tokeni mbili za ziada za kubonyeza kabla ya ile ya umeme: zilikuwa zinabadilisha ufunguo wa mita. Waliosanifu mfumo walikuwa wameweka njia ya kubadili ufunguo kupitia vitufe vilevile vya kuingizia umeme, na kwa ajili hiyo mamilioni ya mita hazikuhitaji kung'olewa ukutani. Bidhaa yako nayo iwe na njia hiyo tangu toleo lijalo, hata kama leo huoni utaitumia lini.

Usibuni mfumo wako mwenyewe wa tokeni. Upo OpenPAYGO Token, mfumo huria uliotokana na kazi ya Solaris Offgrid kwa ajili ya sola ya aina yako hasa. Tokeni yake ya kawaida ni ya tarakimu 9, kila kifaa kina ufunguo wake wa biti 128, hesabu hufanywa kwa SipHash, ambayo ni nyepesi hata kwa kidhibiti kidogo, na kuna mfuatano unaozuia tokeni moja kutumika mara mbili. Ufunguo wa kila kifaa utolewe kwa namba nasibu, uhifadhiwe kwenye seva yako, na usitokane na namba ya usajili kwa kanuni iliyo ndani ya programu, maana kanuni hiyo ikisomwa mmerudi kwenye kitasa kimoja.

Tuilinde programu sasa. Kama hamjawasha kinga yoyote, mtu mwenye waya wa USB na esptool, programu inayopatikana bure, hunakili megabaiti zote 4 za kumbukumbu ya flashi kwa dakika chache. Washa usimbaji wa flashi, na uuwashe katika hali ya uzalishaji, si ile ya majaribio. Hapa wengi huteleza: hali ya majaribio huacha njia ya kuingiza programu mpya kupitia UART, na bodi inaonekana imelindwa kumbe mlango uko wazi. Uzuri wa usimbaji huu ni kwamba chipu hutengeneza ufunguo wake yenyewe inapowaka mara ya kwanza, huuchoma kwenye fyuzi za ndani na kuufunga usisomwe. Hata wewe huujui. Kilichonakiliwa kutoka bodi moja kikimwagwa kwenye nyingine ni takataka tupu.

Pamoja na hilo washa uwashaji salama, toleo la 2, ambapo chipu hukataa kuendesha programu isiyo na saini yako ya RSA-3072. Funga JTAG, mlango wa kuichunguza chipu. Funga njia ya upakuaji ya UART. Na hakikisha unanunua ESP32 ya toleo la 3.0 au la baadaye. Mwaka 2019 mtafiti anayejiita LimitedResults aliyumbisha volti ya chipu za matoleo ya awali kwa wakati maalumu, akasoma funguo zilizodhaniwa zimefungwa ndani ya fyuzi. Espressif, watengenezaji wa ESP32, wakabadilisha chipu yenyewe. Baadaye maabara ya usalama ya Ledger huko Ufaransa ililivunja toleo la 3 pia, kwa kupima jinsi umeme unavyotumika wakati chipu inasimbua. Nakutajia hayo si kukukatisha tamaa. Kazi kama hiyo inahitaji vyombo, utaalamu na muda kwa kila chipu moja, na ukishagawa funguo kila bodi na wake, anayemaliza kazi hiyo yote amepata mfumo mmoja wa sola.

Ufunguo wa kutia saini ni habari nyingine. ESP32 ya kwanza hukubali ufunguo mmoja tu wa saini. Ukipotea, hamtaweza kusasisha bodi zilizo vijijini maisha yake yote. Ukiibwa, mwizi anatia saini kama ninyi. Ukae kwenye kompyuta isiyo na intaneti au kwenye kifaa cha usalama cha USB, uwe na nakala mahali pengine, na usitumwe kwa WhatsApp hata kwa mkurugenzi. ESP32-S3 na ESP32-C3 hukubali hadi funguo 3 na kukuruhusu kuubatilisha ulioibwa. Kwa kuwa unachora bodi upya kwa vyovyote, ningehamia huko.

Kuna watakaokushauri uongeze chipu ya usalama pembeni, kama ATECC608 ya Microchip. Ni kifaa kizuri: hutunza ufunguo, huulizwa swali la nasibu, hujibu kwa hesabu ambayo asiye na ufunguo hawezi kuifanya. Lakini kama programu yako inaiuliza tu kisha inaamua ndiyo au hapana, na programu yenyewe haina uwashaji salama, mnakili ataibadilisha programu iseme ndiyo kila mara. Bila uwashaji salama, chipu hiyo ni pambo. Anza na uwashaji salama, halafu uone kama bado unaihitaji.

Sasa jambo ambalo watu wa fani yetu hapa nyumbani hawalizungumzi vya kutosha: kinga yako inaweza kuvunjwa na chipu feki uliyoinunua wewe mwenyewe. Biashara ya chipu feki ni kubwa. Mwaka 2012 kamati ya Seneti ya Marekani inayosimamia majeshi ilitoa ripoti iliyokuta kesi zipatazo 1,800 za vipuri vya elektroniki vilivyoshukiwa kuwa feki kwenye mnyororo wa ununuzi wa jeshi lao, jumla ya vipuri zaidi ya milioni moja. Vingi huanzia kwenye taka: bodi kuukuu hupashwa moto, chipu zinang'olewa, zinapigwa msasa, zinapakwa rangi nyeusi na kuandikwa jina na tarehe mpya. Kama jeshi la Marekani liliuziwa, sisi tunaonunua kwa bei ya chini mtandaoni tusijione tumekingwa.

Aina nyingine ya feki ni chipu mpya kabisa iliyotengenezwa na kampuni nyingine na kupewa jina la kampuni kubwa. STM32F103 ndiyo mfano unaojulikana zaidi, ile iliyoko kwenye vibodi vidogo vya bluu ambavyo wanafunzi wetu wengi hujifunzia. Inawaka, inafanya kazi, mpaka siku ya kulinda siri. Mwaka 2020 watafiti Johannes Obermaier, Marc Schink na Kosma Moczek walizichunguza chipu mbadala na feki za familia hiyo, wakakuta kinga zake dhidi ya usomaji zinavunjika kwa njia mbalimbali. Mwaka huohuo Schink na Obermaier walionyesha kwamba hata STM32F1 halisi husomeka kupitia mlango wake wa uchunguzi, na kasoro hiyo imo ndani ya chipu, haitibiki kwa programu. Ukisikia mtu anakushauri uhamie huko kwa sababu ya bei, sasa unajua.

Kwa hiyo chipu kuu nunua kwa msambazaji aliyeidhinishwa na mtengenezaji, utunze risiti. Zikifika, chukua chache bila kuchagua: futa uso wake kwa pamba yenye asetoni uone kama rangi inatoka, zitazame kwa lenzi, zilinganishe na moja unayoiamini, kisha uiulize kila moja kwa esptool ni ya toleo gani.

Kiwanda kisipewe programu yako tena. Kipe programu ya majaribio tu, inayowasha taa, kupima volti na kusema bodi ni nzima. Programu halisi iwekwe Morogoro, kwa kishikio chenye sindano za chemchemi unachoweza kukitengeneza mwenyewe. Ikichukua dakika 2 kwa bodi, bodi 500 ni chini ya saa 17 za kazi, yaani kijana mmoja kwa siku mbili au tatu. Hapo ndipo bodi inapata namba yake, ufunguo wake, na kuandikwa kwenye seva pamoja na anwani yake ya MAC. Isiyoandikwa haina tokeni. Kiwanda kikitengeneza 200 za ziada kimetengeneza vibao vitupu, na mnunuzi wake hatakuwa na mtu wa kumuuzia siku. Ukitaka kubana zaidi, wapelekee ESP32 ulizozinunua na kuzihesabu wewe, na mkataba useme mabovu yote yarudishwe.

Namgeukia fundi wa kijijini, ambaye kwa mapato yako ndiye mwenye madhara makubwa zaidi leo. Huyu hajali SipHash. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Saar Drimer, Steven Murdoch na Ross Anderson, walizichunguza mashine mbili za kulipia kwa kadi zilizokuwa zikitumika Uingereza, zenye swichi na nyavu za kinga kuzunguka chipu ya siri. Hawakuigusa chipu. Walipenyeza kipande chembamba cha chuma, kwenye mashine moja kibanio cha kawaida cha karatasi, hadi kwenye njia inayobeba data kati ya kadi na mashine, wakasoma namba ya siri ikipita bila kusimbwa. Kinga ilizunguka mahali pasipopita mwizi. Bodi yako ina ugonjwa huohuo: tokeni imesimbwa vizuri, halafu uamuzi wa kuwasha unasafiri kama volti kwenye njia moja ya shaba hadi kwenye lango la mosfeti. Fundi anaweka waya mfupi kati ya miguu miwili ya mosfeti, au anaondoa bodi kabisa na kuunganisha paneli moja kwa moja na betri. Dakika tano.

Dawa yake ni kuihamisha kufuli mahali ambapo kuiruka hakumpi kitu chenye faida. Iingize ndani ya pakiti ya betri, pamoja na saketi inayolinda seli. Atakayeiruka pale analazimika kuifungua pakiti ya lithiamu, anapoteza kinga ya kuchaji kupita kiasi, na anabaki na seli zinazoharibika mapema. Seli zenyewe usizimwagie epoksi hata kidogo, zinahitaji kupoa. Funga pande zote mbili, kuchaji na kutumia, maana kufuli ya upande wa taa peke yake huacha betri ikijaa na kuchotwa kwa waya. Na vile vifaa vya thamani, televisheni hasa, viwe na kidhibiti chake kidogo kinachowasiliana na boksi kwa ujumbe uliotiwa saini kwa ufunguo wa mteja huyo. Televisheni ambayo deni lake halijalipwa ikikataa kuwaka kwenye betri ya gari, fundi hana cha kumuuzia mteja.

Usisahau saa. Kama kifaa kinahesabu siku pale tu kinapokuwa na umeme, mteja atakizima mchana na kuwasha usiku, na siku 7 zitakuwa 14. Weka saa yenye betri yake ndogo, na ikipoteza muda iamini kumbukumbu ya mwisho iliyohifadhiwa kwenye flashi, isirudi nyuma kamwe.

Swichi ya kutambua kifuniko kimefunguliwa ni nzuri na bei yake ni ndogo, lakini fikiri itafanya nini. Kwenye vifaa vya benki, boksi likifunguliwa funguo zinafutwa papo hapo. Usiige hilo. Boksi lako linasafirishwa juu ya bodaboda kwenye barabara ya matuta, na swichi ikicheza umeua mfumo wa mtu anayelipa vizuri. Iandike tukio na tarehe yake, mzigo uendelee kuwaka hadi siku alizolipia ziishe, na tokeni inayofuata itolewe baada ya wakala kuzungumza naye. Lebo inayochanika ikivutwa iongezwe pia. Si kizuizi, lakini inamaliza ubishi kuhusu dhamana.

Katika hasira ya kuibiwa unaweza kushawishika kuziua bodi feki kwa mbali. FTDI, watengenezaji wa chipu za kuunganisha USB, walijaribu mwezi Oktoba 2014: programu yao endeshi iliyosambazwa kupitia Windows Update iliibadilisha namba ya utambulisho ya chipu feki kuwa sifuri, na vifaa vya watu vikaacha kutambuliwa na kompyuta. Waliolia ni wanunuzi ambao hawakujua wamenunua feki. Kelele zilikuwa kubwa hadi programu ile ikaondolewa. Mkulima wa Mvomero aliyenunua kopi Kariakoo ni mtu uliyepaswa kumuuzia wewe. Mpe namba ya kupiga, si giza.

Muuzaji ndiye wa kushughulikiwa, na hapo sheria ipo. Sajili alama yako ya biashara BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama bado, na Zanzibar kwa wakala wao wa usajili kama unauza huko, kisha upeleke malalamiko Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 na ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia. Ukiuza Kenya, mwenzake ni Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Lile neno mlilokosea kuandika usilisahihishe kimyakimya na kulisahau: hifadhi faili zenu za Gerber za tarehe ile pamoja na barua pepe mliyowatumia kiwanda, maana kosa lililonakiliwa ni ushahidi mgumu kukanusha. Kwenye toleo jipya weka alama nyingine chache zisizo na kazi, tundu lisiloelekea popote au kona ya shaba iliyokatwa kwa namna ya pekee, uziandike kwenye daftari lenye tarehe.

Zimebaki bodi ambazo tayari ziko kwa wateja, na hizi ndizo ningezianza wiki hii. Usijaribu kuwasha usimbaji wa flashi kwa kusasisha kwa mbali: umeme ukikatika chipu ikiwa katikati ya kujisimba mara ya kwanza, bodi imekufa, na kwa mteja wa sola umeme hukatika. Fanya jambo dogo zaidi. Mpe wakala programu mpya ya kuiweka kwenye bodi kwa Wi-Fi anapofika kukagua. Programu hiyo ichukue ufunguo wa pekee wa bodi hiyo kutoka kwenye simu ya wakala, ukiwa umesimbwa, na ifute ule wa pamoja. Namba ya usajili inayojitokeza mara mbili kwenye seva ikamatwe hapohapo, kwa kuwa moja kati ya hizo mbili ni kopi. Anza na vijiji ambako makusanyo yameshuka ghafla ingawa hakuna aliyerudisha kifaa. Huenda ndiko tokeni za kughushi zinakouzwa. Ukishahakikisha wote wamehama, seva iache kabisa kutoa tokeni za ufunguo wa zamani, hata kwa mteja anayepiga simu akisema wakala hakumfikia. Huyo mtumie wakala siku hiyohiyo.